Habari za Baruch Spinoza, na za Mchungaji Aliyeziandika

Wako watu waliokufa zamani ambao majina yao yalitajwa makanisani kwa miaka mia na zaidi kama majina ya kuogofya. Mmoja wao ni Baruch Spinoza, Myahudi wa Uholanzi. Wahubiri walimwita mkana Mungu, na wengi waliovisoma vitabu vyake walivisoma kwa siri. Lakini katika habari zake limo jambo litupasalo sisi Walutheri kulijua. Mmoja wa watu wa kwanza walioyaandika maisha yake, akiwauliza kwa bidii wale waliokaa naye, alikuwa mchungaji wa Kilutheri, naye hakukubaliana naye hata kidogo katika mambo ya imani. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za watu hawa wawili, kwa kuwa swali lililo kati yao lingali letu hata leo: Mkristo amtendeje mtu anayemkosea Mungu katika mawazo yake?

Spinoza alizaliwa mjini Amsterdam tarehe 24 Novemba 1632. Siku 8 kabla ya hapo Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri wa Sweden, alikuwa ameuawa vitani kule Lützen katika nchi ya Ujerumani. Vita vile vilianza mwaka 1618, wala havikwisha mpaka mwaka 1648. Kwa miaka 30 Wakatoliki na Waprotestanti waliuana, vijiji vikateketezwa, mashamba yakarudi kuwa mwitu, na njaa na tauni zikaua watu wengi kuliko panga. Kweli wafalme walichanganya mambo ya enzi na mambo ya dini, lakini kila upande ulifundishwa kwamba unapigana kwa ajili ya Mungu.

Hata Uholanzi, nchi iliyosifiwa kwa uhuru wake, haikuwa na mikono safi. Wakristo wafuasi wa Calvin walishindana wao kwa wao juu ya shauri la Mungu la kuwachagua wanadamu, na katika mashindano hayo, yaliyochanganyika na mambo ya serikali, mzee Johan van Oldenbarnevelt mwenye miaka 71 alikatwa kichwa mjini Den Haag mwaka 1619. Lakini Amsterdam ulikuwa mji wa biashara, na wakubwa wake waliona ya kuwa mji hauwezi kusitawi kama kila mgeni anaulizwa imani yake mlangoni. Basi Walutheri walipata ruhusa ya kujenga kanisa lao, nao Wayahudi waliachwa wasali katika masinagogi yao.

Wayahudi hao walikuwa wametoka mbali. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwaamuru Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Wengi wakakimbilia Ureno, nako mwaka 1497 wakabatizwa kwa nguvu. Wareno hao ndio ambao baadaye, mwaka 1593, walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Tangu mwaka 1536 palikuwa na baraza la Kanisa katika Ureno lililowachunguza wote waliodhaniwa kuishika dini ya baba zao kwa siri. Wengine walinyang'anywa mali, wengine walifungwa, na wengine walichomwa moto. Michael, baba yake Spinoza, alikuwa mzaliwa wa Ureno wa ukoo wa watu hao, akawa mfanya biashara katika mji wa Amsterdam.

Mtu angedhani kwamba watu walioteswa hivyo hawatamtesa mwingine. Lakini hofu huzaa ukali. Walikuwa wageni katika nchi ya watu. Wengi wao walikuwa wamelelewa kama Wakristo, wasiijue Torati. Tena wazee wao waliogopa kwamba mmoja akinena vibaya juu ya Mungu, wenye mji watawafukuza wote. Kwa hiyo walishika kamba kwa nguvu. Palikuwa na mtu mmoja jina lake Uriel da Costa, aliyekana uzima wa roho baada ya kufa na kuyakataa mapokeo ya walimu. Alitengwa miaka mingi. Hata mwaka 1640, akiwa amechoka kwa upweke, alikubali kutubu mbele ya watu. Akavuliwa nguo mpaka kiunoni katika sinagogi, akapigwa viboko 39, kisha akalazwa kizingitini, na watu wote wakapita juu yake wakitoka. Baada ya siku chache alijiua kwa bastola. Spinoza alikuwa mtoto wa miaka 7 wakati ule, na habari kama hiyo haikosi kufika masikioni mwa watoto.

Mtoto huyu alisoma katika shule ya Wayahudi, akajua Kiebrania na Maandiko vizuri. Mama yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka 6. Baba yake alikufa mwaka 1654, naye akaendesha biashara ya nyumba yao pamoja na ndugu yake Gabriel. Tena akajifunza Kilatini kwa mwalimu mmoja, Franciscus van den Enden, akavisoma vitabu vya Mfaransa Descartes. Ndipo maswali yalipozidi moyoni mwake, akaanza kuyanena mbele ya wenzake.

Tarehe 27 Julai 1656, Spinoza akiwa kijana wa miaka 23, wazee wa Wayahudi wa Amsterdam walisoma hati ya kumtenga. Walimlaani mchana na usiku, alalapo na aamkapo. Wakakataza mtu yeyote asiseme naye, asimwandikie, asikae naye chini ya dari moja, asimkaribie dhiraa nne, wala asisome neno aliloandika. Hati ile yataja uzushi wake na matendo yake mabaya, lakini haielezi ni yapi. Yeye hakurudi kuomba radhi, wala hakujiunga na kanisa lolote. Jambo hilo lilikuwa geni sana siku zile, maana mtu aliyetoka katika jamaa moja ya dini aliingia katika nyingine. Kusimama nje ya zote kulikuwa kama kukaa porini bila moto. Tena yasemwa kwamba usiku mmoja mtu alimrukia kwa kisu. Kisu kilipasua vazi tu, naye akaliweka vazi lile siku zote liwe ukumbusho.

Kazi aliyojulikana nayo tangu hapo ilikuwa kusugua vioo vya miwani, vya darubini na vya hadubini, hata wataalamu wakubwa kama Christiaan Huygens wakavisifu vioo vyake. Alikaa kwanza Rijnsburg, palipokuwa na Wakristo waliokutana bila mchungaji, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kunena, kisha Voorburg, na mwisho Den Haag, katika chumba cha kupanga. Chakula chake kilikuwa uji wa maziwa wenye siagi kidogo, au uji wenye zabibu kavu. Rafiki yake mmoja, Simon de Vries, alitaka kumpa gilda 2000. Akakataa, akisema kwamba fedha nyingi hivyo zingemzuia katika kazi yake. Rafiki huyo alipokufa, ndugu yake alitaka kumpa Spinoza gilda 500 kila mwaka kama marehemu alivyoagiza. Spinoza akapokea 300 tu, akasema zatosha.

Sasa imetupasa kueleza alifundisha nini, maana si haki kumsifu wala kumlaumu mtu bila kujua aliyosema. Spinoza alifikiri ya kuwa kitu kisimamacho chenyewe, kisichohitaji kingine cha kukitegemeza, ni kimoja tu, nacho ni Mungu. Vitu vingine vyote, nyota, miti, wanyama na roho za watu, vimo ndani ya Mungu kama mawimbi yalivyo ndani ya bahari. Wimbi laonekana kama kitu cha peke yake, lakini hakuna wimbi pasipo bahari. Kwa hiyo hakukubali kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa kupenda kwake, akasimama juu yake kama mfalme. Alisema vyote hutoka kwa Mungu kwa lazima, kama vile pembe tatu za umbo la pembetatu zilivyo na jumla yake isiyoweza kuwa nyingine. Mungu wa namna hiyo hakasiriki, hahurumii, habadili kitu kwa ajili ya maombi ya mtu, wala hafanyi miujiza. Lakini mtu akiyafahamu hayo vema, alisema Spinoza, atampenda Mungu kwa moyo wote, wala hatadai Mungu ampende yeye pia.

Wapenzi wasomaji, msidhani neno hili ni dogo. Sisi twakiri ya kuwa Mungu ndiye Muumba na ulimwengu ni kiumbe chake, wala hivyo viwili si kimoja. Twakiri ya kuwa Mungu asikia, na ya kuwa Neno alifanyika mwili. Mama anayemwombea mtoto wake mgonjwa usiku haongei na bahari. Kama Spinoza alisema kweli, maombi yake hayamfikii yeyote. Hapa hapana njia ya kuyapatanisha mafundisho haya mawili kwa maneno laini, wala Spinoza mwenyewe hakujaribu. Alipoulizwa na rafiki yake Henry Oldenburg wa London, alijibu kwamba mateso na kifo cha Kristo ayapokea kama yalivyoandikwa, lakini kufufuka kwake akufahamu kwa njia ya roho tu.

Mwaka 1670 alitoa kitabu juu ya Maandiko na serikali. Hakuandika jina lake, na mji uliotajwa kwenye ukurasa wa kwanza ulikuwa Hamburg, ingawa kilichapwa Amsterdam. Humo alisema kwamba Biblia isomwe kwa kuchunguza lugha yake, waandishi wake na nyakati zake. Kwamba vitabu vitano vya Torati havikuandikwa vyote na Musa. Kwamba shina la dini ni haki na upendo kwa jirani. Na kwamba serikali hupata amani zaidi ikimwacha kila mtu afikiri apendavyo na kunena afikirivyo. Alikuwa na sababu ya kuficha jina. Rafiki yake Adriaan Koerbagh alikuwa ameandika kwa Kiholanzi, lugha ya watu wote, akiyakana mafundisho makuu ya Kanisa. Mwaka 1668 alihukumiwa kifungo cha miaka 10, na mwaka uliofuata akafa gerezani. Kitabu cha Spinoza nacho kilipigwa marufuku na serikali mwaka 1674.

Mwaka 1672 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uholanzi, watu wakatafuta wa kulaumiwa. Tarehe 20 Agosti kundi la watu mjini Den Haag waliwakamata Johan de Witt, aliyekuwa mkuu wa serikali, na ndugu yake Cornelis, wakawaua na kuikata miili yao vipande vipande. Spinoza, mtu mpole ambaye hakuonekana kukasirika, alilia. Kisha akaandika karatasi ya kuwashutumu wauaji, akataka kutoka usiku kuibandika mahali pale pale. Mwenye nyumba wake akamfungia mlango, asije akauawa naye.

Mwaka 1673 mtawala wa Pfalz katika Ujerumani alimwalika awe mwalimu wa chuo kikuu cha Heidelberg. Aliahidiwa uhuru wa kufundisha, mradi asiivuruge dini iliyowekwa na serikali. Spinoza akashukuru, akakataa, maana hakujua mpaka wa uhuru huo ungekuwa wapi. Mwaka 1675 alitaka kutoa kitabu chake kikubwa kiitwacho Ethica, lakini aliposikia uvumi kwamba wachungaji wanajiandaa kumshitaki, akakifungia mezani mwake.

Mwenye nyumba aliyemfungia mlango aliitwa Hendrik van der Spyck, mchoraji, naye na jamaa yake walikuwa Walutheri. Hapo ndipo habari hii inapoingia kanisani petu. Spinoza aliposhuka jioni kutoka chumbani, aliwauliza walichosikia katika mahubiri. Aliwaonya watoto wasiache kwenda kanisani na kuwatii wazazi. Mara nyingine alikwenda yeye mwenyewe kumsikiliza mchungaji wao, Dokta Cordes, akamsifu kwa elimu yake na kwa jinsi alivyofafanua Maandiko. Siku moja mke wa mwenye nyumba alimwuliza kama yeye aweza kuokoka katika dini yake. Spinoza akamjibu kwamba dini yake ni njema, hana haja ya kutafuta nyingine, mradi aishi maisha ya utulivu na ya ucha Mungu.

Alikuwa na ugonjwa wa kifua kwa miaka mingi. Jumamosi moja ya mwezi wa Februari 1677 alishuka, akavuta kiko, akazungumza na mwenye nyumba juu ya mahubiri ya siku ile. Kesho yake, Jumapili tarehe 21, tabibu aliyekuja kutoka Amsterdam aliagiza jogoo mzee apikwe, mgonjwa apate mchuzi. Akala vizuri. Jamaa wakaenda kanisani mchana. Waliporudi walimkuta amekwisha kufa, akiwa na miaka 44. Akazikwa katika Kanisa Jipya la Den Haag, na magari sita ya farasi yakafuata jeneza. Meza yake yenye karatasi ilipelekwa kwa mpiga chapa Amsterdam, na kabla ya mwaka kwisha vitabu vyake vilitolewa. Mwaka 1678 vikapigwa marufuku.

Mara uvumi ukaenea. Wengine walisema kwamba mkana Mungu yule alikufa kwa hofu, akilia na kumwomba Mungu amrehemu. Wengine walisema alikunywa dawa ya usingizi ili asione kifo chake. Hadithi za namna hii zilipendwa, maana zilionekana kuisaidia imani.

Mwaka 1693 mchungaji wa Kilutheri Johannes Colerus alikuja kutumika Den Haag. Ikawa kwamba alipanga chumba kile kile alimokaa Spinoza alipofika mjini mara ya kwanza, na van der Spyck na mkewe walikuwa washarika wake. Colerus alikuwa amevisoma vitabu vya Spinoza, navyo vilimchukiza kabisa. Mtu mwingine angezichukua zile hadithi akazipeleka mimbarani. Yeye alikwenda akawauliza watu wa nyumba ile, mmoja mmoja: Je, mlisikia akilia? Je, mliona dawa? Wakamjibu kwamba hawakusikia wala hawakuona. Akachunguza hata hati za madeni. Akaona kwamba kinyozi, alipoandika deni lake, alimtaja Spinoza kuwa marehemu mwenye heri. Naye Colerus akasema kwamba kama kinyozi yule angalijua mafundisho ya mteja wake, labda asingalitumia neno hilo.

Mwaka 1705 Colerus alitoa kitabu kidogo cha maisha ya Spinoza. Aliandika kwamba Spinoza aliishi kwa kiasi, hakupenda fedha, alikuwa mpole kwa watu wa nyumba, na zile hadithi za kifo chake hazina msingi. Pamoja na habari hizo alichapa mahubiri yake juu ya kufufuka kweli kwa Yesu Kristo, akiyapinga mafundisho ya Spinoza waziwazi na kwa nguvu zake zote. Mambo haya mawili aliyaweka ndani ya jalada moja. Hakuona kwamba kumshuhudia mtu kwa haki kwaipunguza imani, wala hakuona kwamba kuitetea imani kwahitaji uongo. Wataalamu wanaoandika juu ya Spinoza hata leo, waamini na wasioamini, hawana budi kukifungua kitabu cha mchungaji huyo.

Tusijivune, lakini. Martin Luther mwenyewe, mwaka 1543, aliandika kitabu kikali juu ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe moto. Na katika karne ya 20 wauaji wa Wayahudi katika Ujerumani walilitumia neno hilo. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Amerika lilitoa tamko la kuyakataa maandishi hayo na kuhuzunika kwa ajili yake. Basi katika nyumba yetu wametoka wa namna zote mbili, nasi hatuna budi kuchagua tutakayemfuata.

Mawazo ya Spinoza hayakufa kwa marufuku. Miaka mia baadaye Lessing, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alisemwa kuwa mfuasi wake, na jambo hilo lilipotangazwa mwaka 1785 Ujerumani nzima ilishindana. Herder, aliyekuwa msimamizi wa wachungaji huko Weimar, aliandika kitabu mwaka 1787 akimtetea kwa sehemu. Nao Wayahudi wa Amsterdam walikutana na wataalamu mwaka 2015 kulizungumza tena shauri la hati ya mwaka 1656, na mwalimu wao mkuu akaona isiondolewe. Kwa hiyo kisu, gereza na laana havikulimaliza neno lile.

Katika sharika zetu wapo vijana wanaosoma na kuuliza, na mara nyingine wanauliza maswali yanayotutia hofu. Mwinjilisti akiulizwa kwa nini Mungu hakusikia maombi ya mtu fulani, asimfukuze mwulizaji, wala asimzulie habari nyumbani kwa majirani. Na aketi naye. Na ayasikilize aliyoyasema hasa, si yale yasemwayo na watu kwamba ameyasema. Kisha amjibu kwa Maandiko, bila kupunguza neno la imani yetu. Gamalieli, mwalimu wa Torati, aliwashauri wazee wa Yerusalemu wawaache Mitume, akijua ya kuwa yaliyo ya Mungu hayawezi kuharibiwa na wanadamu. Sisi tunaoamini kwamba Kristo yu hai tungekuwa na sababu gani ya kumwogopa mtu anayeuliza?